UZI: Maisha yangu ya chuo kuanzia A mpaka Z, kwa mnaosema wanachuo tunakula bata na bumu

#1 (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Kila bumu, yaani hela ya mkopo wa serikali ya kujikimu, likitoka lazima mtu aje aandike kwamba wanachuo sasa hivi wataonekana viwanja, mara simu mpya, mara nywele, na watu wanachangia kweli kweli. Nimesoma hizo nyuzi mpaka nimeona acha na mimi niandike maisha ya mwanachuo mmoja tu, mimi mwenyewe, herufi kwa herufi, halafu mpime. Nasoma ualimu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, masomo yangu ni Kiswahili na Historia, niko mwaka wa tatu, kwetu ni Newala mkoa wa Mtwara. Herufi nyingine nitapita haraka, nyingine zina mambo mengi, mnivumilie.

A ni Asubuhi. Ukiwa na pindi, yaani kipindi cha darasa, la saa moja kamili kwenye kumbi za Yombo na unakaa mtaa wa Changanyikeni inabidi uwe umetoka ndani kabla hakujapambazuka vizuri. Tunatembea kwa kundi, wasichana wanne watano, kwa sababu ile njia giza likiwepo hatutembei mmoja mmoja. Boda ipo lakini boda kila siku ni hela ya mchana imeondoka.

B ni Bumu. Hapa nitakaa kidogo. Hela ya chakula na malazi ni elfu kumi kwa siku, mpaka kabla ya mwaka wa masomo 2022/23 ilikuwa 8,500. Haiji kila siku, inakuja kwa mkupuo wa miezi kama miwili, na ndio maana mtu wa nje akiona laki sita imeingia kwenye simu ya binti wa miaka ishirini na mbili anashtuka. Sasa hebu tuigawe. Kwanza kodi ya chumba, mwenye nyumba hapokei ya mwezi mmoja anataka miezi mitatu au sita, kwa hiyo kuna mkupuo ambao nusu yake unaondoka siku hiyo hiyo. Pili kuna mdogo wangu wa form three anakaa bweni, ada ya serikali hakuna lakini godoro, ndoo, sabuni, madaftari, nauli ya kwenda na kurudi vipo, na mimi ndio dada. Tatu kuna daftari la deni kwa Mangi mwenye duka hapa mtaani, unga, mafuta, mayai ya wiki mbili za mwisho ambazo hela ilikuwa imekata. Nne mama ana marejesho ya kikundi. Kinachobaki ndio nakula mimi mpaka mkupuo mwingine. Na hii hela sio zawadi, ni mkopo, ukipata ajira unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe, afadhali ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Kwa hiyo mnaposema tunakula bata mjue hiyo laki sita nimeikopa mimi, nitailipa mimi, lakini imekula nyumba nzima.

CH ni Chakula. Mchana wali maharage kwa mama ntilie, mboga za majani pembeni, siku nzuri unaongeza kipande cha samaki. Usiku tunapika. Kwetu ugali wa muhogo ndio chakula, mama anasaga anafunga kwenye kiroba anatia na dagaa na korosho za kubangua kwa mkono anapakiza kwenye basi, mzigo unashushwa Mbagala, naufuata kwa daladala mbili. Siku mzigo ukifika geto zima wanajua. Wenzangu wa Kagera na Mbeya mwanzoni ule ugali ulikuwa unawashinda, sasa hivi wananiuliza mama anatuma lini.

D ni Desa. Desa ni notisi za waliotutangulia, zinatolewa kopi mpaka maandishi yanafifia, unakuta pembeni kalamu ya mtu usiyemjua ameandika "hili swali linapenda kutoka". Sijui huyo mtu yuko wapi leo, pengine anafundisha Katavi huko, ila alinisaidia.

E ni Elimu bila ada. Nimeanza form one 2017, mwaka wa pili tangu ada ya sekondari ifutwe, halafu ada ya form five na six ikafutwa 2022 nikiwa naingia six. Nilipita kwenye mlango ukiwa umefunguliwa. Dada yangu mkubwa aliishia form two, kipindi chake ada ilikuwepo.

Ngoja nile nitaendelea na F.

#2 (mchangiaji)

Dada umeandika ukweli mtupu. Mimi nimemaliza 2014, bumu letu lilikuwa dogo zaidi na bado nilikuwa namtumia bibi. Endelea, niko siti ya mbele.

#3 (mchangiaji)

Mkuu wapo wanaokula bata pia, tusidanganyane. Nakaa jirani na chuo nawaona ijumaa.

#4 (mleta uzi)

Mkuu #3 wapo, sikatai, ila anayekula bata ijumaa anaonekana na anayekula uji saa nne usiku amejifungia ndani haonekani, kwa hiyo ukihesabu kwa macho utahesabu upande mmoja tu. Twende.

F ni Fildi. Sisi wa ualimu tunaenda mazoezi ya kufundisha likizo ndefu. Nilipangiwa shule ya kata huko mkoani, nikaingia darasani nikiwa na somo la uhusika kwenye riwaya, nakuta watoto zaidi ya mia, madawati yamejaa, wengine wamesimama ukutani na daftari wameegemeza kwenye mgongo wa mwenzao. Vitabu vya riwaya vilikuwa vichache sana, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanasikiliza. Wakuu wale watoto walikuwa wanasikiliza! Kimya kabisa, mpaka yule msomaji akifika penye mazungumzo anabadilisha sauti mwenyewe bila kuambiwa. Nilikuwa nimeandaa azimio la kazi na andalio la somo vizuri kabisa kama tulivyofundishwa, nikaliweka pembeni, nikafuata walipokuwa wanakwenda wao. Chuo kilinipa njia za kufundishia lakini kupenda kufundisha nimepewa na lile darasa. Na hela ya fildi nayo iligawanywa, maana pale kijijini nilipokelewa na mwalimu mwenye familia, nalala kwake, nakula kwake, nisingeweza kukaa kama mgeni wa hoteli.

G ni Geto. Chumba kimoja, tuko wawili kwenye mkataba ila mara nyingi mnatukuta watatu, kwa sababu kuna mwenzetu alikosa chumba mwanzo wa mwaka na hatukuweza kumwambia arudi kwao. Vitanda viwili, godoro la tatu linasimamishwa ukutani mchana. Mtungi mdogo wa gesi kwenye kona, vyombo kwenye beseni, nguo kwenye mabegi. Luku ya umeme tunachanga, kila mtu anajua siku yake, na ukinunua unabandika ile karatasi ya tokeni mlangoni ili wenzio waone units zimeingia. Watu wengi wanagombana kwenye Luku na gesi, sisi tulikaa chini tukaandika daftari la kila kitu, chumvi mpaka kiberiti, na kwa kweli tunaishi kwa amani. Huyu wa tatu hachangii kodi, anachangia kupika, na anapika vizuri kuliko sisi wote.

Maji nayo yanakatika mtaani kwetu. Wenzangu walikuwa wanachanganyikiwa, mimi nimekulia Newala juu ya uwanda wa Makonde, kule maji ni historia ndefu, nyumba nyingi zimechimba visima vya kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati na mtoto anajua kuoga kwa kopo moja kabla hajajua kuandika jina lake. Kwa hiyo madumu yangu hayakai matupu. Nikisikia bomba linatoa sauti usiku naamka nakinga yote, ya kwangu na ya majirani.

H ni Hosteli. Zile za Magufuli zilifunguliwa 2017, zimewasaidia wengi, kuna Mabibo, kuna Hall za ndani ya kampasi. Anayepata anapata, sina la zaidi.

I ni Intaneti. Bando la chuo linaisha kabla ya wiki. Tunadownload makala za wiki nzima tukiwa kampasi halafu tunarushiana kwa simu.

J ni JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Baada ya form six tulienda mafunzo ya mujibu wa sheria, kuamshwa usiku, mchakamchaka, jembe, kupanga foleni na bakuli. Ninachokumbuka kuliko vyote ni kwamba mtoto wa waziri na mimi tulikuwa tunavaa buti zile zile na kuimba mstari ule ule, na mpaka leo nina rafiki kutoka kule ambaye maisha yetu yasingekutana popote pengine.

K ni Korosho. Hii ndio herufi ya kwetu. Watu wa Dar wanaiona kwenye vipakiti taa nyekundu, sisi tunaiona mwaka mzima. Mwezi wa sita na wa saba mnapuliza salfa kwa ajili ya ubwiriunga, yule ugonjwa unaoweka unga mweupe kwenye maua, salfa yenyewe ni gharama na usipopuliza umepoteza msimu. Kuanzia mwezi wa tisa mnaokota, mnatenganisha bibo, lile tunda, na korosho, mnaanika, mnapeleka ghala la chama cha msingi, inasubiri mnada wa stakabadhi ghalani, ikishauzwa ndio hela iingie benki. Sasa angalia kalenda ya chuo. Tunafungua mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ambapo hela ya korosho bado iko ghalani au mnadani. Wakati nahitaji hela kuliko muda wowote ndio wakati baba hana kabisa, na wakati baba anazo za kutosha mimi nimeshakopa nimeshazoea. Mwaka 2018 nilikuwa form two bei ikagomewa mnadani, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kusomba mzigo. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa pale nyumbani kwamba kila kitu chetu, viatu, chakula, shule, kinategemea lile gunia. Nikiandika insha ya Historia kuhusu mazao ya biashara enzi za ukoloni naona baba yangu ndani yake, sihitaji kukariri.

Kesho nitaleta L mpaka mwisho.

#9 (mchangiaji)

Mwanangu mimi ni mzazi hapa Masasi, nina binti anaingia form six. Hiyo ya korosho umeielezea kama uko nyumbani kwangu. Naomba ukifika mwisho unieleze mambo ya kuomba mkopo maana sisi huku hatuelewi, mtoto anasema kila kitu mtandaoni.

#10 (mleta uzi)

Shikamoo mzazi. Nitaeleza, nimeiweka akilini, nitaiacha mwishoni ili isipotee katikati.

L ni Lugha. Nimesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, form one ghafla kila kitu Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili. Nimeona watoto wenye akili sana wamenyamaza miaka minne kwa sababu ya hilo tu. Chuoni semina za Historia ni Kiingereza, unakuta mtu ana hoja nzuri anaijua kabisa, akisimama anasema sentensi moja anakaa. Tukitoka nje kwenye kimbweta, zile meza za zege za kusomea, anaimwaga yote kwa Kiswahili kwa dakika ishirini na wote tunaelewa. Semina za Kiswahili zenyewe ni nyingine kabisa, watu wanabishana mpaka muda unaisha tunahamia nje. Mimi nimechagua kufundisha Kiswahili nikijua kuna wanaoliona somo jepesi. Sio jepesi, na nikiwa mwalimu nataka mtoto awe na angalau kipindi kimoja kwa siku ambacho anaongea bila kuogopa.

M ni Mama. Anaamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua. Hajawahi kuniuliza GPA, yaani wastani wa alama, anauliza umekula.

N ni Nauli, na Nkrumah. Nauli kwanza, mwanafunzi wa sekondari ana nauli yake ya chini, sisi wa chuo tunalipa ya mtu mzima. Nkrumah ni ule ukumbi wa hapa chuoni ambao picha yake ilikuwa nyuma ya noti ya mia tano, ile noti ya 2010 kabla haijaja sarafu mwaka 2014. Nikiwa shule ya msingi nilikuwa naishika ile noti nikitumwa dukani na kuangalia lile jengo bila kujua ni la wapi. Siku ya kwanza kuliona kwa macho nilisimama, nikampigia baba nikamwambia niko mbele ya lile jengo la mia tano. Alifurahi sana, akawapa simu watu waliokuwa barazani niwaeleze na wao. Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 mjini mtaa wa Lumumba kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikahamia huku Mlimani 1964, mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha hapa, Museveni wa Uganda alisoma hapa. Mtu wa Historia ukipita kwenye hizo korido ukiwa unajua hayo mambo hutembei kawaida.

O ni Ombi. Haya ni yale ya "mwanangu usikasirike". Binamu, shangazi, jirani aliyekulea. Wanaamini niko Dar na niko chuo kikuu kwa hiyo ninazo. Sikasiriki, kwa sababu nilipokuwa naenda form five shangazi huyo huyo aliuza kuku wake ndio nikapata sanduku. Nikiwa nayo natuma, nikiwa sina nasema sina.

P ni Pindi. Ukichelewa unakaa nyuma, spika haifiki.

R ni Rumu meti. Wa kwangu anasoma Jiografia, baba yake alifariki tukiwa katikati ya mitihani ya mwaka wa kwanza. Alisafiri Tabora, akazika, akarudi kuwahi mtihani uliobaki. Ile wiki tulimsomea notisi kwa sauti usiku maana alikuwa hawezi kushika daftari, anasikiliza tu amelala amefumba macho. Alifaulu yote. Watu wakisema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu namuangalia huyu binti nanyamaza.

S ni Sapu, na Somanga. Sapu kila mtu anaijua, mtihani wa marudio. Madaraja yetu yako hivi: GPA 4.4 kwenda juu daraja la kwanza, 3.5 la pili la juu, 2.7 la pili la chini, 2.0 pasi, chini ya hapo ni kufeli. Somanga ni kule Kilwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita mvua ikakata barabara ya kusini, mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Mzigo wangu wa unga ulikuwa ndani ya basi mojawapo. Kwa watu wengine ilikuwa habari ya kwenye taarifa ya saa mbili, kwetu sisi wa kusini tuliosambaa hapa mjini ilikuwa ni kupigiana simu nani kafika nani hajafika, nani analala njiani na mtoto mchanga. Unga ulifika umelowa. Abiria wote niliokuwa nawajua walifika salama.

T ni Tuma na ya kutolea. Mzazi akipokea elfu thelathini akatoa akakatwa anabaki na pungufu, kwa hiyo lazima uongeze. Hiyo ya kutolea nayo ni hela, haiandikwi kwenye bajeti ya mtu yeyote.

U ni UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula. Mwezi wa pili na wa saba chuo kizima kinabadilika, watu hawasalimiani vizuri, macho mekundu.

V ni Vimbweta. Zile meza na benchi za zege chini ya miti. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ikafunguliwa 2018 ni nzuri mno na naipenda, ina baridi, ina utulivu, lakini kuelewa kwangu kwingi kumetokea kwenye kimbweta. Pale mtu aliyeelewa anamfundisha asiyeelewa bila malipo, mpaka saa sita usiku, na kesho yake wanabadilishana. Nimefundishwa takwimu na kijana wa uhandisi ambaye alikuwa amekaa benchi la jirani akasikia tunakosea.

W ni Wosapu. Grupu la darasa, CR, kiongozi wetu wa darasa, anapost venyu imehama saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Y ni Yombo. Nimeshaitaja.

Z ni Zamu. Geto tuna zamu ya kupika, kuosha, kuteka. Nyumbani nako kuna zamu. Dada aliacha shule akabaki shambani na baba na sehemu ya korosho aliyookota ndio imenisomesha mimi A level. Sasa ni zamu yangu kwa mdogo wangu, na mtoto wa dada ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Nimemwambia dada huyo mtoto ni wangu kwenye mambo ya shule, akasema sawa ila kwanza umalize.

Sasa mzazi wa Masasi #9. Dirisha la mkopo huwa linafunguliwa katikati ya mwaka baada ya mitihani ya form six, ila msisubiri lifunguliwe. Anzeni na cheti cha kuzaliwa cha binti, kihakikiwe mapema RITA, wale wa serikali wa vyeti vya vizazi na vifo, hiyo inafanyika mtandaoni na ndio inachelewesha watu wengi. Kama kuna mzazi aliyefariki cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Tafuteni mdhamini mwenye kitambulisho, picha za pasipoti, namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Fomu anajaza mtandaoni kwa namba yake ya mtihani wa form four, kwa hiyo majina yawe sawa kila mahali, herufi moja ikitofautiana mtahangaika. Akimaliza anaiprinti, inasainiwa na kugongwa mhuri serikali ya kijiji au mtaa na kwa hakimu au wakili, halafu anaiskani anaipandisha tena. Wengi wanasahau hiyo hatua ya kupandisha tena wanadhani wameshaomba. Kama hapo kwenu stesheneri hawajui niandikie inbox siku ya kujaza, tutajaza naye kwa simu.

#14 (mchangiaji)

Mimi ndio #3. Nimesoma yote. Huyo mtoto wa dada yako madaftari ya mwaka huu niachie mimi, nipe namba inbox nitatuma na ya kutolea.